Kumtetea Aliyejitoa

Habari kwamba Kalisti amefukuzwa kazi ilimkuta Bupe mezani, katika chumba cha mapumziko, kijiko cha wali kikiwa njiani kwenda mdomoni. Jambo la kwanza alilolisikia baada ya habari hiyo lilikuwa kicheko. Aliyecheka ni Ferdinand, mzee wa Bukavu, mtu mpole asiyeweza kumkemea hata paka. Alicheka kidogo tu, kisha akajifuta mdomo kama mtu aliyefumaniwa.

"Mungu haiko mbali, Mama Queen," alimwambia Bupe. "Yeye alisema hana lazima na sendika. Sasa aone."

Bupe alirudisha kijiko kwenye bakuli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenyeji wa Tukuyu, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, hiyo sendika ya Ferdinand, katika kiwanda kile cha dobi pale Manassas, kinachofua shuka na nguo za wagonjwa za hospitali za pande zote mbili za mto unaotenga Virginia na Maryland. Kazi ya mwakilishi ni hii: mfanyakazi akionewa, yeye ndiye anayeandika lalamiko, anayeingia naye ofisini na kuketi upande wake wa meza. Hailipwi. Mara nyingi humwangukia yule aliyechelewa kuikataa.

Kabla ya kuhamia Virginia, Bupe alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee huko Wheaton, ng'ambo ya mto, upande wa Maryland. Kule kila aliyefanya kazi chini ya mkataba wa chama alikichangia chama, akipenda asipende, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Huku Virginia kuna sheria wanayoiita ya haki ya kufanya kazi. Hakuna anayeweza kulazimishwa kujiunga na chama, wala kukilipa ada, ili aajiriwe au abaki kazini. Ila ipo sheria nyingine, ya nchi nzima, inayosema kwamba wafanyakazi wa mahali fulani wakishachagua chama cha kuwasemea, chama hicho kinawasemea wote, aliyemo na asiyekuwemo. Mshahara ukipanda, unawapandia wote. Mtu akifukuzwa kwa dhuluma, chama hakina ruhusa ya kumwuliza kadi yake iko wapi.

Bupe aliyajua hayo kama anavyolijua jina la mama yake. Siku ile, akimtazama Ferdinand anavyokunja kitambaa chake cha mdomo, alitamani asingeyajua.

Maana Kalisti hakuwa mtu aliyeacha tu kujiunga. Alikuwamo, akajitoa, na alipotoka hakutoka kimya. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, msomaji wa kila karatasi iliyobandikwa ukutani, na akisimama kusema watu hunyamaza. Karibu miaka mitatu nyuma, mwezi wa kwanza, kampuni iliwaita wafanyakazi kwenye mikutano ya kuwaeleza uhuru wao. Katika mkutano wa pili Kalisti alinyanyuka mbele ya watu sabini akasema yeye hakuvuka bahari ili aje akatwe mshahara kwa jina la umoja. Kesho yake aliandika barua ya kujitoa. Katika wiki mbili wakamfuata kumi na mmoja.

Mwezi wa nne, mkataba ulipojadiliwa, kampuni ilikuwa inajua hesabu. Chama kilikuwa kimebaki na chini ya nusu ya wafanyakazi. Bupe na wenzake waliokoa walichoweza. Kimoja kilichowaponyoka ni siku za msiba. Zamani aliyefiwa na mzazi nje ya Marekani alipewa siku kumi akazike. Mkataba mpya ulimpa tatu, na siku tatu hazimfikishi mtu Afrika na kumrudisha, sembuse kuzika.

Wa kwanza kuzihitaji alikuwa Aketch, Mjaluo wa Siaya, rafiki mkubwa wa Bupe pale kiwandani. Wawili hao ndio waliokuwa wakizunguka na fomu za chama, Aketch akitania, Bupe akieleza. Mama yake Aketch alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa nane. Ofisi ilimwonyesha ukurasa wa mkataba: siku tatu. Akizidisha, hana kazi. Alikuwa na watoto wawili wa shule na hakuna mwingine wa kuwalisha.

Basi alimzika mama yake kwa simu. Asubuhi ya maziko, saa za kwao zikiwa mchana, aliketi ndani ya gari lake kwenye maegesho ya kiwanda, simu ameiegemeza kwenye usukani, akitazama watu wakiimba katika boma alilozaliwa. Zamu huanza saa moja kamili. Saa moja kasoro dakika tatu jeneza lilikuwa bado halijashushwa, na ni Bupe aliyekwenda kumgongea dirisha. Aketch aliizima simu, akashuka, akaingia kazini. Tangu siku ile hakumsalimu tena Kalisti. Wangeweza kusimama pande mbili za mkanda mmoja wa kuchambulia shuka kwa saa nane bila neno.

Huyo ndiye Kalisti aliyefukuzwa, na mtu aliyepaswa kumtetea ni Bupe.

Alimwendea Jumamosi mchana, nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya stesheni ya treni. Aliyefungua mlango ni Flaviana, mke wa Kalisti. Alimkaribisha, akamwekea chai ya maziwa na maandazi, kisha akaenda zake jikoni, ila hakufunga mlango.

"Sikukuita, dada," Kalisti alisema.

"Najua. Sheria ndiyo iliyonituma."

"Na kama isingekutuma, ungekuja?"

Bupe alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kwenye meno likarudi. "Sijui," alijibu. "Usiniulize hilo. Niambie kilichotokea, niandike."

Kalisti akaeleza. Walikuwa upande wa uchafu, wanakouita hivyo kwa kuwa ndiko shuka zinakofika kutoka hospitalini kabla ya kufuliwa. Zinamwagwa juu ya mkanda unaotembea, na watu waliosimama pembeni huzichambua kwa mikono. Ndani ya shuka za hospitali mna kila kitu: vijiko, mikasi, meno ya bandia, na mara nyingine sindano. Siku ile palikuwa na binti mgeni, Mumbi, wa kutoka Nyeri, ndiyo kwanza wiki yake ya tatu.

"Sindano ilipita kwenye glavu ikaingia hapa," Kalisti alisema, akijibonyeza chini ya kidole gumba. "Nikavuta kamba ya dharura, mkanda ukasimama. Hilo kila mtu anaruhusiwa. Akaja Gichuki."

Gichuki alikuwa msimamizi wa zamu.

"Akamwambia binti akanawe, akae, hospitali atapelekwa saa ya mapumziko. Dada, mapumziko yalikuwa bado saa moja na nusu! Wewe unajua zile dawa za kuzuia virusi, mtu inabidi awahi. Kisha akanigeukia mimi, niwashe mkanda. Nikasema siwashi mpaka huyu mtoto aondoke hapa. Akarudia. Nikasema siwashi. Tukasimama hivyo dakika arobaini, na shuka za hospitali tatu zinangoja. Mwisho akampeleka. Na mimi nikapelekwa ofisini."

Bupe aliisoma tena barua ya kumwachisha kazi, aliyopewa na ofisi. Ilisema vingine. Ilisema kwamba Kalisti alipokaidi amri ya kuwasha mkanda, mfanyakazi aliyeumia alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kutibiwa. Kwa hiyo alikaidi bila sababu.

"Hii ni kauli ya Gichuki," Bupe alisema. "Mumbi mwenyewe yuko wapi?"

"Hakurudi kazini. Simu yake haipatikani."

"Gichuki hakuandika saa alipompeleka?"

"Hakuandika."

"Nani mwingine aliona?"

Kalisti aliitazama chai yake. "Wengine walikuwa nyuma ya matoroli. Aliyekuwa mkabala nami alikuwa mmoja tu." Akainua macho. "Aketch."

Bupe alifunga daftari. Jikoni maji yalifunguliwa yakafungwa.

"Nikuulize na mimi," alisema. "Ulijitoa kwa nini? Siulizi yale uliyosema mkutanoni. Nauliza kwa nini."

Kalisti alisogeza kikombe pembeni. "Baba yangu alikuwa na mibuni mia tatu," alisema. "Chama cha ushirika cha kijiji kilikuwa kinamkata. Makato ya ghala, makato ya lori, makato ya jengo ambalo hatukuliona hata msingi. Alipokwenda kuuliza, makarani walimcheka. Mzee, walimwambia, chama si ni chako mwenyewe? Alirudi nyumbani akachukua shoka. Aling'oa mibuni yote, wiki mbili, hakutaka tumsaidie. Akapanda majani ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliapa hakuna mtu atakayenikata tena kwa jina langu mwenyewe."

"Mimi nimewahi kukudhulumu?"

"Wewe hapana. Sikusema wewe. Nilisema chama."

"Chama ni nani, Kalisti? Ni mimi na Aketch na mzee Ferdinand, tumekaa kwenye chumba cha maktaba tunakokutania, tunagombana kuhusu glavu. Hakuna mwingine."

Bupe alichukua daftari lake akainuka. Flaviana alimsindikiza mpaka kwenye gari. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi ndani.

Nyumbani Bupe alimweleza binti yake, Queen, aliyekuwa akisomea uuguzi na kufanya kazi ya jioni huko Gaithersburg. Queen husikia Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia mama yake kwamba mambo ni rahisi: jaza fomu, ipeleke, ngoja jibu, ukishafanya hivyo utakuwa umetimiza sheria, na hakuna atakayekulaumu.

Ni kweli, na Bupe alijua ukweli wake kuliko Queen. Lipo lalamiko linaloandikwa kwa mkono mmoja. Linafika mezani kwa wakati, lina sahihi zote, na linakufa kwenye kikao cha kwanza kwa sababu hakuna aliyelitafutia shahidi. Sheria haiwezi kuupima moyo wa mtu. Siku mbili nzima Bupe alizunguka na wazo hilo, akipika nalo, akikunja nalo shuka. Siku ya tatu, zamu ilipokwisha, alikwenda kusimama kando ya gari la Aketch.

"Mama Queen, usinianzie," Aketch alisema kabla hajafika. "Najua chenye umekuja kuuliza."

"Basi nifungulie niketi."

Walikaa ndani ya gari, milango imefungwa, wenzao wakipita mbele yao na mabegi ya chakula.

"Si wewe ndiye ulinigongea hii dirisha?" Aketch alisema. "Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi unajua. Mimi nilipewa siku tatu juu ya huyo jamaa na mdomo yake. Watu kumi na wawili walitoka, kampuni ikatuona sisi ni bure. Mamangu amelala chini mimi sijamwaga hata mchanga. Na sasa niende niketi mbele ya Cheryl wa ofisi nimtetee? Kwani mimi ni nani?"

"Sikuombi umtetee. Nakuomba useme ulichoona."

"Na nikisema sikuona kitu?"

"Nitaandika kwamba hukuona kitu."

Aketch aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Huyo msichana alikuwa ameketi kwa ndoo. Ile ndoo nyeupe ya sabuni, ameipindua. Ameshika mkono yake hivi, analia bila sauti. Gichuki anapigia jamaa kelele awashe, awashe, na msichana yuko hapo tu, hata hajasonga. Niliona. Nilikuwa natamani nisione, lakini niliona."

"Aketch, dada yangu..."

"Wacha. Nitaenda. Sio juu yake. Ni juu ya huyo msichana, na juu mamangu hakunilea niwe muongo. Lakini hiyo kitu ikiisha, Mama Queen, mambo ya chama usinitafute tena."

Bupe aliyasikia maneno hayo ya mwisho vizuri. Aliyaweka pembeni, kama mtu anavyoweka bili mezani akisema ataifungua kesho.

Kikao kilifanyika katikati ya mwezi wa kumi na moja, ofisini kwa Cheryl, mkuu wa mambo ya wafanyakazi. Cheryl hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya kuchoka na kalamu aliyoibofya kila aliposikia jambo asilolitarajia. Gichuki alisema yake, taratibu, akiutazama ukingo wa meza. Yeye naye alikuwa mtu wa kuhesabiwa dakika na walio juu yake, na Bupe, aliyemjua tangu alipokuwa akisukuma matoroli, aliona kwamba hakulala vizuri siku nyingi. Kalisti alisema yake. Kisha akaitwa Aketch.

Aketch aliingia na sare yake ya kazi. Alieleza ndoo, mkono, kelele, na amri mbili alizozisikia kwa masikio yake, binti akiwa bado palepale. Hakupamba. Cheryl alimwuliza kama yeye na Kalisti ni marafiki.

"Hapana," Aketch alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Huyu mtu simpendi. Sijamsalimu kwa mwaka na zaidi. Alinifanyia jambo ambalo sitasema hapa kwa sababu halihusiani na sindano. Kama ningekuwa mtu wa kudanganya, leo ningedanganya aende nyumbani."

Kalamu ya Cheryl haikubofywa. Aliiweka mezani. Kalisti aliinamisha kichwa.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Kalisti arudi kazini. Faili lake libaki na onyo, na majuma aliyokaa nyumbani hayatalipwa. Bupe alitaka kuendelea, kesi iende kwa msuluhishi. Kalisti alikataa. Alisema imetosha, akamshukuru Bupe kwa heshima zote, akarudi upande wa uchafu. Habari za Mumbi zilifika baadaye kupitia binamu yake: alikunywa dawa zake za siku ishirini na nane akazimaliza, vipimo vikatoka salama, akaenda kuishi kwa shangazi yake Texas.

Kwa hiyo Bupe alishinda. Ndivyo Ferdinand alivyosema, akimpa mkono. Mwaka mpya ulipoingia, Jumatatu ya pili, Aketch alimfuata kwenye chumba cha makabati akampa bahasha.

"Soma tu," alisema. "Hakuna mengi."

Ilikuwa barua ya kujitoa katika chama, mistari mitatu, na sahihi.

"Nilikuambia kwa gari," Aketch alisema. "Sikukuficha."

"Hukunificha."

"Miaka nane nimelipa, nimetembea na hizo fomu zako kwa mvua. Yeye halipi, na ametetewa kama mtoto wa nyumba. Sina ubaya na wewe. Umefanya kazi yako poa. Lakini kama mtu anaweza kula bila kupika, basi acha hata mimi nikae kwa meza. Nimechoka kupika."

Bupe aliyafikiria yote aliyowahi kuwaambia watu kuhusu umoja, miaka tisa ya maneno, akaona hakuna hata moja analoweza kumwambia mwanamke huyu bila kuona haya. Aliikunja barua, akaiweka mfukoni mwa aproni. Walitoka pamoja kwenda kwenye mashine, kama kila siku.

Ferdinand ndiye aliyemwambia Kalisti. Alimwambia yote, barua na siku tatu na simu iliyoegemezwa kwenye usukani, na hakumpunguzia. Jioni ile Kalisti alimsubiri Bupe getini.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Nilijua amefiwa. Nilijua ananichukia. Nilidhani ni kwa sababu ya kujitoa tu. Sikujua kwamba ni zile siku zilizomzuia kuzika."

"Ungefanya nini?"

Kalisti aliangalia upande wa maegesho. "Nipeleke kwake," alisema.

Walikwenda Jumapili alasiri, Bupe, Kalisti na Flaviana, mpaka Woodbridge alikokaa Aketch. Flaviana alibeba unga, sukari na majani ya chai, kama waendavyo watu msibani. Aketch alifungua mlango, akamwona Kalisti, akasimama. Bupe alidhani ataufunga. Ila Aketch aliviona vile alivyobeba Flaviana, akaelewa wamekuja kwa lipi, na mtu aliyekuja kuhani msiba hafukuzwi.

"Ingieni," alisema.

Aliwaonyesha picha ya mama yake iliyokuwa juu ya kabati, na nyingine ya kaburi, lililojengewa saruji na kupakwa rangi ya samawati. Watoto waliitwa wakasalimu, wakarudi chumbani. Kalisti alibaki amesimama.

"Pole kwa msiba wa mama," alisema. "Nimechelewa."

"Mwaka na nusu," Aketch alisema.

"Mwaka na nusu. Nilisimama siku ile nikasema habari ya uhuru. Sikujua nilikuwa nazungumzia mazishi ya mama yako."

"Haungejua. Hata mimi sikujua. Ndio hivyo." Aketch aliirudisha picha mahali pake. "Keti, unakaa kama askari."

Aliketi. Wakanywa chai. Kalisti alisema kwamba kesho atajaza fomu, atarudi chamani, na wale kumi na mmoja atawafuata mmoja mmoja.

"Rudi ukitaka," Aketch alimwambia. "Lakini usirudi juu yangu. Mimi sirudi. Na usifikirie tumemaliza. Umekuja kunipa pole, nimepokea. Hiyo ingine bado iko ndani, sijui itatoka lini."

Kalisti aliitikia kwa kichwa. Waliagana mlangoni, na hapo Aketch alimpa mkono.

Kalisti alijaza fomu kweli, baada ya kuisoma siku nne na kumwuliza Bupe maswali yaliyomchosha. Kati ya wale kumi na mmoja, wanne walikuwa wamekwisha kuhama kazi. Watano walirudi. Wawili walimwambia kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kutoka, asiwasumbue sasa na mahubiri mengine. Majadiliano ya mkataba mpya yalipoanza, Bupe aliweka siku za msiba juu kabisa ya orodha. Kampuni ilianza na nne. Walivutana wiki tano, wakaishia saba.

Kura ilipigwa mwishoni mwa mwezi wa nne, katika chumba cha mapumziko, baada ya zamu. Mkataba ni wa wote, ila kura ni ya wanachama peke yao. Aketch hakuwa na ruhusa ya kuingia. Alisimama kwenye korido, mkoba begani, mtu ambaye angeweza kwenda nyumbani na hakwenda. Watu walimpita wakiingia, wengine wakiangalia chini. Kalisti alipofika aligeuka kando, akampisha kana kwamba ni yeye anayeingia, kisha akakumbuka.

Mkataba ulipita. Bupe alitoka kabla ya makofi kwisha.

"Ngapi?" Aketch aliuliza.

"Saba."

Aketch alihesabu kwa vidole vilivyoning'inia ubavuni: kwenda, kulala, kukesha, kuzika, kurudi. "Saba zingenitosha," alisema.

Bupe hakumwomba arudi siku ile. Alimwomba baadaye, mara mbili, na mara zote mbili Aketch alimjibu kwa upole kwamba bado.

Mwezi wa saba, Ferdinand alifiwa na mama yake huko Bukavu, bibi wa miaka tisini. Alikuwa wa kwanza kuzichukua siku hizo. Kalisti alimpangia tiketi, Bupe akapitisha karatasi zake ofisini kabla ya saa sita. Aliyempeleka uwanja wa ndege ni Aketch. Alimbebea sanduku mpaka kwenye foleni, akasimama pale na yule mzee wa watu mpaka alipoitwa, akamwambia asiwe na haraka kaburini.